Mbona Haikusikika Kama Kwenye Albamu?

Swali ninaloulizwa kuliko yote, nikiwa bado nimesimama nyuma ya mixa, meza ninayochanganyia sauti za tamasha, huku watu wakitoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha kuelekea stendi, ni hili: "Fundi, mbona haikusikika kama kwenye albamu?" Kwa miaka mingi nililijibu kwa kujitetea, nikisingizia upepo, jenereta, au uchache wa spika. Siku hizi najibu kwamba isingefaa isikike hivyo, na kwa kuwa jibu hilo huwaudhi watu wenye haraka ya kuwahi bodaboda, nimeona niliandike hapa kwa kirefu.

Albamu ya muziki wa kizazi kipya hutengenezwa katika chumba kidogo, na prodyuza anayeichanganya huwa amekaa kiasi cha mita moja na nusu kutoka kwenye spika mbili ambazo hazizidi sana ukubwa wa ndoo ya maji. Humo ndani mwimbaji hurudia kiitikio mara nne au mara nane, na marudio yote hayo hulazwa moja juu ya jingine mpaka sauti ya mtu mmoja inakuwa nene kama ya kwaya. Baada ya hapo wimbo mzima hubanwa: minong'ono huinuliwa, kelele hushushwa, na pengo kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa hupunguzwa, ili abiria aliyesongamana na wenzake kwenye kifodi (basi dogo) cha Sakina, akiwa na spika moja tu sikioni, asikose hata neno. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, nami sina ugomvi nayo.

Tena mimi mwenyewe nililelewa na albamu kabla sijagusa waya wowote wa jukwaani. Mwaka 2001 Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu, muziki wetu ulikuwa bado ni wa kaseti, na kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande; kwa hiyo aliyepanga nyimbo alilazimika kufikiri ni wimbo upi ufunge upande wa kwanza ili msikilizaji apate hamu ya kuinuka na kugeuza. Sasa albamu hupakiwa mtandaoni ikiwa na nyimbo kumi na saba au ishirini zinazofuatana bila mahali pa kupumzika, na naona, pengine kwa ukaidi wa mtu wa makamo, kwamba msanii aliyezoea mpangilio huo huja jukwaani na shoo isiyo na mapumziko vilevile, kila wimbo ukiwa kileleni tangu mwanzo.

Sasa chukua wimbo ule ule uupeleke uwanjani. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, kasi ambayo chumbani huna haja hata ya kuiwazia, lakini mtu aliyesimama mita mia moja kutoka jukwaani hulisikia neno baada ya karibu sekunde 0.3. Akiitikia, sauti yake nayo hutumia muda uo huo kumfikia mwimbaji. Jumla ni kama sekunde 0.6, na katika wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, huo ndio muda wa pigo moja kamili. Umati wa nyuma, basi, humrudishia mwimbaji kiitikio kikiwa kimechelewa pigo zima, ilhali hakuna hata mmoja aliyekosea. Mwimbaji asiyelijua hili hudhani kwamba watu wa Arusha hawajui kupiga makofi. Akijaribu kuwafuata anapunguza mwendo, bendi nayo inamfuata, na wimbo uliokuwa ukikimbia unaanza kuchechemea. Wazoefu huweka masikio yao kwenye monita, spika ya kujisikilizia iliyo miguuni pao, wakawaacha watu waimbe watakavyo.

Nguvu ya sauti nayo hupungua kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, ndiyo maana aliye mbele huziba masikio wakati aliye nyuma anamuuliza jirani yake ni wimbo gani huu. Spika zinazoning'inizwa juu moja chini ya nyingine hupunguza tatizo hilo, ingawa haziliondoi.

Lakini kinachowachanganya mashabiki zaidi ni besi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa: muziki ukiwa mdogo, sauti nzito hufifia kuliko zile za kati, na kadiri muziki unavyoongezwa ndivyo sauti nzito zinavyojitokeza. Prodyuza huchanganya albamu kwa kiwango cha sauti kinachomruhusu kuongea na mtu aliye pembeni yake. Mimi nikiupiga wimbo huo kwa desibeli 100 bila kubadilisha chochote, besi iliyokuwa imekaa vizuri chumbani inavimba na kumfunika mwimbaji. Hapo ndipo vijana waliosimama karibu na meza yangu hupaza sauti: "Fundi, weka mziki mnene!" Huwa nawatikisia kichwa kwa heshima, kisha napunguza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika tamasha moja mjini Moshi, msanii ambaye sitamtaja alinikabidhi flashi yenye nyimbo zake. Nilipoifungua nilikuta nyimbo zenyewe za albamu, zimekamilika, sauti yake ikiwa imo ndani. Alikusudia kuimba juu yake. Nilimwomba biti tupu, zisizo na sauti yake, hakuwa nazo. "Kaka mkubwa," aliniambia kwa upole kabisa, "si watu wanataka wasikie kama kwenye albamu?" Tukaendelea. Kilichotokea ni kwamba sauti yake ya jukwaani na ile ya studio hazikulingana kwa muda, zikapishana kidogo katika kila neno, na irabu zikavurugika kama maandishi yaliyoandikwa mara mbili juu ya karatasi moja. Sikuweza kuishusha sauti ya studio peke yake kwa sababu ilikwisha kuchanganywa na ala. Nikiishusha, ngoma nazo zinazama. Watu walipiga kelele za furaha kwenye wimbo wa kwanza, wakatulia kwenye wa tatu, na kufikia wa tano wengi walikuwa wakiangalia simu zao. Wimbo uliobanwa tangu mwanzo hadi mwisho haubakizi nafasi ya mtu aliye hai kuingia, na huyu maskini alikuwa akishindana na nafsi yake iliyoimba mara nane.

Tatizo la aina hii halikuzaliwa kwetu. The Beatles, bendi ya Uingereza, walipotumbuiza katika uwanja wa Shea jijini New York, Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, vipaza sauti vya wakati ule vilizidiwa na mayowe kiasi kwamba wenyewe hawakuweza kujisikia. Agosti ya mwaka uliofuata waliacha ziara za matamasha, na wakiwa huru na jukwaa wakatengeneza albamu ambazo hazikuhitaji kuchezeka mbele ya mtu yeyote. Mashabiki wengi huikumbuka hatua hiyo kama kukata tamaa. Kwangu mimi ni watu wa kwanza wenye umaarufu mkubwa kiasi hicho waliokiri kwa vitendo kwamba albamu na tamasha ni kazi mbili, na mtu anaweza kuchagua moja.

Hapa nyumbani mfano ninaoupenda zaidi ni X Plastaz, kundi la Arusha lililotoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Ndani yake kuna uimbaji wa Kimaasai pamoja na kuchana, yaani kurap, na kwa fundi wa sauti uimbaji huo ni somo. Kiongozi mmoja hutoa mstari, kundi hujibu kwa kiitikio kizito cha kooni chenye kupumua kwa mpigo, bila ngoma. Muziki huo umetengenezwa na watu wanaoimba nje, penye upepo na ng'ombe, hivyo nafasi ya pumzi imo ndani yake tangu awali: kiongozi anapoimba kundi linampisha, na kundi linapojibu yeye ananyamaza. Ukiuweka kwenye spika za uwanjani hakuna la kupunguza.

Msanii anapokuja kwangu mapema, kabla ya saundi cheki, namwomba afanye upunguzaji huo kwa makusudi. Aniletee biti yenye kiitikio chepesi, au isiyo na kiitikio kabisa, ili umati uwe ndio zile sauti nane za studio. Kinanda kinachojaza katikati ya wimbo kiondoke pale anapochana. Wimbo wa kasi sana asiutegemee kwa kuitikiana na watu wa nyuma, na katikati ya shoo uwepo wimbo mmoja wa gita na sauti tu, kwa sababu baada ya utulivu huo hata ngoma ndogo husikika kubwa. Wengi hukataa mwanzoni, wakiogopa kwamba shabiki atasema wimbo umeharibiwa. Mimi huipima shoo kwa ujasiri wa msanii wa kutoa vitu, kama vile ninavyoipima albamu kwa subira ya aliyeviongeza.

Mwezi Juni na Julai, jua likishazama na baridi ya Meru ikashuka mjini, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu yake na mawimbi ya sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotelea angani. Hewa yenyewe hunyonya sauti kali kwanza, kwa hiyo walio mbali hupata besi bila maneno. Jirani yangu kule Sakina aliwahi kuniambia asubuhi kwamba shoo ya jana ilikuwa nzuri sana, akaniimbia "du, du, du" kwa dakika nzima, nami nikautambua wimbo. Mimi mwenyewe nisingeweza kuipima vizuri kuliko yeye usiku ule, kwa sababu masikio yaliyokaa saa nne kwenye kelele huziba kwa muda, na nikifika nyumbani hata albamu niipendayo husikika kama imefunikwa blanketi. Huwa siigusi mpaka kesho kutwa.