Kuzaliwa upya au kutwaa mwili tena?

Wapo wanaoamini kwamba mtu akifa, roho yake huingia katika mwili mwingine. Kiswahili kwa kawaida hutumia "kuzaliwa upya". Si kosa, ila lina mtego. Mkristo akilisikia humkumbuka Nikodemo wa Yohana 3, aliyeambiwa habari ya kuzaliwa mara ya pili naye akauliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni mwa mamaye. Utata huu, kumbe, ni wa kale.

Kwa Wahindu neno linakaa vizuri. Wao husema punarjanma, la Kisanskriti: punar ni tena, janma ni kuzaliwa.

Wazungu walianzia kwenye nyama. Neno lao, kwa Kiingereza "reincarnation", limejengwa juu ya Kilatini, caro, yaani nyama, na maana yake ni kuingia tena katika nyama. (Nyama hiyohiyo imo ndani ya "kanivali", sherehe za kuiaga kabla ya Kwaresima.) Ufaransa lilienezwa sana na maandishi ya Allan Kardec, Mfaransa aliyeandika juu ya kuwasiliana na roho za wafu, kuanzia 1857. Wakatoliki wetu, kwa fumbo la Neno kufanyika mwili, wana Umwilisho, na ndipo wengine huunda "umwilisho upya". Mimi silipendi, linachanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Ninalolipenda ni la Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni na Syria wanaosema Kiarabu: taqammus. Limetoka kwenye qamis, shati, ndugu wa kamisi wanayovaa kina mama kwetu. Roho huvua mwili mmoja na kuvaa mwingine. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nayo ina mfano huohuo wa nguo kuukuu na nguo mpya. Kiarabu kina pia tanasukh, kutoka nasakha, kunakili au kutangua. Aliyesoma tafsiri ya Kurani atakumbuka nasikh na mansukh, yaani aya inayotangua na aya iliyotanguliwa hukumu yake.

Ufufuo ni habari nyingine kabisa. Anayefufuka ni yuleyule aliyekufa, hapewi wazazi wapya wala jina jipya.

Ukiandika juu ya Wabudha, usiseme roho "inahama", kwa kuwa mafundisho yao hayakubali roho ya kudumu. Wao hutoa mfano wa taa inayowasha taa nyingine: hakuna kitu kilichohamishwa, lakini bila ya kwanza ya pili isingewaka. Hapo "kutwaa mwili tena" hakufai. Andika "kuzaliwa upya".