Je, wajua kwa nini mwenye "one ya nane", yaani daraja la kwanza kwa pointi 8, anaweza kukosa udaktari chuo kikuu cha afya cha Muhimbili?

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka mwezi wa saba, wakati wakulima wa Mtwara na Lindi wako mashambani wanapuliza mikorosho na pesa ya minada bado iko mbali. Ndipo stesheneri za Masasi zinapojaa wazazi waliokuja kuombea watoto wao vyuo. "Mdogo wako kapata one ya nane," mama anamwambia kijana wa kompyuta. "Muhimbili wataanzaje kumwacha?"

Wanaweza kumwacha, na wasiwe wamemwonea.

Tuanze na hesabu, maana hapa wengi huchanganyikiwa. Pointi za daraja na pointi za udahili huenda kinyume. Kwenye daraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5. Zikiwa chache ndiyo bora, na daraja la kwanza ni kuanzia 3 hadi 9. Chuoni A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapo zikiwa nyingi ndiyo bora. Mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye B ya Biolojia, C ya Kemia na C ya Fizikia ana one ya 8, lakini chuo kinamhesabia pointi 10. Ipo njia ya mkato: kama masomo yote matatu yako kati ya A na E, chukua 18, toa pointi za daraja. GS, yaani General Studies, haiingii kwenye hesabu hiyo.

Sasa fungua mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa udaktari wa binadamu, miongozo ya miaka ya karibuni imetaka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6, yaani hata D tatu. Wazazi wengi wakifika kwenye mstari huo hufunga na kushukuru Mungu. Wanaruka safu ya pembeni yake, inayotaja idadi ya nafasi, na kwangu mimi hiyo ndiyo safu ya kusoma mara mbili. Sifa ya chini inampa mtoto haki ya kuomba, basi. Wenye sifa wakizidi nafasi, chuo kinawapanga kwa ufaulu kuanzia juu na kukata pale nafasi zinapoisha. Ni kama mnada wa korosho: kufika na bei inayokubalika hakukupi mzigo kama wengine wameandika bei ya juu zaidi.

Ndiyo maana hakuna anayeweza kukuambia mapema mstari utakatwa wapi. Unategemea nani wameomba mwaka huo, na Muhimbili huombwa na nchi nzima. Unachoweza kufanya ni kuwauliza walioingia mwaka jana walikuwa na pointi ngapi, kisha umlinganishe mtoto wako na hao, usimlinganishe na ile 6 ya mwongozo. Akiwa chini yao, bado aombe, ila asiombe huko peke yake. Udaktari unafundishwa pia Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mbeya kwenye chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aongeze na uuguzi au maabara. Najua ada ya maombi hulipwa kila chuo na mwezi wa saba mfuko umekauka, lakini kukaa nyumbani mwaka mzima ni gharama kubwa zaidi.

Akikosa awamu ya kwanza, asikate tamaa. Aliyechaguliwa vyuo viwili au vitatu lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, na viti anavyoviacha huweza kujazwa awamu inayofuata. Kwa hiyo kwenye fomu iandikwe namba ya simu ya mtoto au ya mzazi. Ikiwa ya kijana wa stesheneri, ujumbe utaingia kwake huku nyie mko shambani, na siku za kuthibitisha ni chache.