Kuonewa hakumkomazi mtoto
Wazazi wengi hapa Uganda bado wanaamini kwamba mgeni wa kidato cha kwanza bwenini, akinyang'anywa sukari na kufulishwa nguo za wakubwa, "anakomaa". Sivyo. Anachojifunza ni kunyamaza. Usiku halali vizuri, darasani akili haipo, na mwakani, hili ndilo linaloniuma zaidi, huenda akamtendea mgeni mwingine yaleyale. Mtoto hukomaa akiwa na mtu mzima anayemwamini na marafiki wa kumtetea. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalimkataza hata mwalimu kumchapa mwanafunzi. Kiranja atampiga kwa haki gani? Mtoto akikataa ghafla kurudi shuleni, muulize taratibu. Simu ya msaada, Sauti, ni 116, bila malipo.