Jentrifikesheni: mtaa unapopanda bei na wenyeji wakahama

Jentrifikesheni ni hali ya mtaa wa watu wa kipato cha chini kuanza kuvutia wenye fedha, ambao hununua viwanja, hukarabati nyumba au kuzibomoa na kujenga upya, hadi bei ya ardhi na kodi ya pango zinapopanda kiasi kwamba wakazi wa zamani hawawezi tena kuishi hapo. Mwanasosholojia Ruth Glass ndiye aliyeipa hali hiyo jina mwaka 1964, alipoeleza jinsi mitaa ya wafanyakazi wa London ilivyokuwa ikihamia mikononi mwa tabaka la kati.

Lami, taa na mifereji si jentrifikesheni, na wanaopinga kila maendeleo kwa kisingizio hicho wanakosea. Tatizo huanza pale aliyevumilia vumbi na matope kwa miaka mingi anapolazimika kuondoka wakati ambapo mtaa ndiyo kwanza umeanza kupendeza.

Jiji la Arusha lina sababu zake za bei kupanda. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, pamoja na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na biashara ya utalii, vimeleta jijini watu wanaoweza kulipa pango kwa dola. Sasa uwanja wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti, na madalali hawahitaji kuelezwa maana yake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida ya Kaloleni au Levolosi: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye bomba na choo cha pamoja, na kila chumba kina mpangaji wake. Mwenye nyumba akifariki, warithi wakashindwa kuelewana na kuamua kuuza, mnunuzi hubomoa na kuinua ghorofa lenye fremu za biashara chini na apatimenti juu. Warithi hugawana fedha, lakini familia sita za wapangaji huondoka mikono mitupu, na mama lishe aliyekuwa akipikia barazani hupoteza wateja wake wote kwa mpigo. Serikali ikitwaa ardhi kwa matumizi ya umma, sheria inataka wenye ardhi walipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Anayeondolewa na nguvu ya soko halipwi na mtu, na ndiyo maana kuhama kwake hakuandikwi popote.

Kwa mwenye nyumba, kinga ya kwanza ni karatasi. Asiye na hati huuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi anajua hana pa kukopa wala ushahidi wa kutosha wa kujitetea. Zoezi la urasimishaji makazi, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, likifika mtaani lisipuuzwe, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, ingawa mauzo mengi ya haraka hufanyika kana kwamba kifungu hicho hakipo. Aliye na kiwanja kizuri na hana mtaji anaweza kuingia ubia na mjenzi, kwa mkataba uliopitiwa na wakili wake mwenyewe, akabaki na sehemu ya jengo; Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawezesha kila sehemu kuwa na hati yake.

Marekani, wenye nyumba wengi wa zamani huelemewa na kodi ya majengo inayopanda pamoja na thamani ya nyumba. Huku kwetu Tanzania, kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja kwa nyumba za kawaida, kwa hiyo si yenyewe inayowatoa watu. Kinachowatoa ni pango na mauzo.

Mpangaji ndiye mwenye kinga hafifu zaidi. Analipa miezi sita au mwaka mzima mkupuo, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo, na kipindi kikiisha anatajiwa bei mpya. Mkataba wa maandishi wenye muda mrefu, unaotaja pango litapanda kwa kiasi gani na notisi itakuwa ya muda gani, hauzuii kila kitu, lakini humpa la kushika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Mpangaji pia ni mkazi, kwa hiyo ana haki ya kusema katika mkutano wa mtaa pale mipango ya matumizi ya ardhi inapojadiliwa. Kuwaachia wenye nyumba peke yao mkutano huo ni kosa.

Njia yenye nguvu kuliko zote ni ardhi kumilikiwa kwa pamoja. Katika makazi ya Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, wakazi walichagua utaratibu huo miaka ya 1990: ardhi ni ya jumuiya, nyumba ni ya mtu, na anayehama huuza nyumba bila kuuza ardhi iliyo chini yake. Kwa Arusha, chombo kilicho karibu zaidi ni ushirika wa nyumba uliosajiliwa, wenye hati moja kwa jina la chama, na ni heri uanzishwe wakati viwanja vya pembezoni bado vinanunulika, kabla dalali hajaanza kupita nyumba kwa nyumba.