Bomba linalovunjika polepole

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Katuba, Lubumbashi, alinionyesha gari alilolichomelea reli mbili nene za chuma nyuma ya bampa. "Enjenia, hii haivunjiki tena," akaniambia. Ni kweli, na ndiyo maana nilirudi nyumbani na wasiwasi.

Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 116 hivi. Pua yake ikibonyea sentimita 60, abiria aliyefunga mkanda anasukumwa kwa nguvu ya wastani kama mara 16 ya uzito wake. Ikibonyea sentimita 10 tu, ni karibu mara 98. Mwili wa mtu hauhimili hivyo.

Pua ya gari basi inahitaji kitu kinachovunjika polepole. Mimi nashughulika na mabomba ya kazi hiyo, ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu. Simamisha moja kwenye presi, mashine ya kukandamiza, mdomo wake ukiwa umekatwa sawasawa. Nguvu inapanda, inapanda, halafu kishindo kimoja: bomba limepasuka katikati na vipande vikubwa vimelala chini, karibu vizima. Limefyonza nishati kidogo mno.

Sasa chukua pacha wake, umnoe mdomo kwa tupa mpaka uwe na mteremko wa digrii 45. Uvunjikaji unaanzia kwenye ule ukingo mwembamba na kushuka taratibu. Ukuta unachanika katikati ya unene wake, tabaka nyingine zinapindukia nje, nyingine ndani, kama ganda la ndizi. Kati ya tabaka hizo unga wa vipande vilivyosagika unajibana kama kabari na kuendelea kuzitenganisha. Unasikia mlio wa kuni kavu motoni, na mshale wa nguvu kwenye mashine unatetemeka palepale, haupandi wala hauporomoki. Nishati inaliwa na kila uzi unaokatika, kila tabaka inayobanduka, na zaidi ya watu wanavyodhani, na msuguano wa vile vipande vikikwaruzana na sahani ya presi.

Bomba zuri la namna hii hufyonza kilojuli 50 hadi 80 kwa kila kilo inayosagika. Kwa hesabu ya karatasini, kilo 2 hivi zingetosha kulisimamisha gari letu. Chuma nacho hujikunja kama akordioni, kinafanya kazi yake, lakini kwa uzito mkubwa zaidi.

Kaboni ina madhaifu yake. Ikigongwa kwa upande, bomba linaweza kukatika badala ya kusagika. Tena huwezi kulinyoosha kwa nyundo kama bodi ya chuma: nje linang'aa, ndani tabaka zimeachana. Ukiligonga kwa kichwa cha spana ndogo, palipo pazima panalia kwa sauti kali, palipobanduka sauti inafifia.

Kesho narudi Katuba na mabomba yangu mawili, lililopasuka na lililosagika, niyaweke mkononi mwa yule fundi kabla mwenye gari hajaja kulichukua.