Mashine ya ushuru haizibi mianya yenyewe

Kwa wafanyabiashara wengi wa Tanga, kuanzia sokoni Mgandini hadi minadani, imezoeleka kuamini kwamba ushuru wa halmashauri ukishakatwa kwa mashine ya mkononi ya mkusanyaji (POS), fedha haiwezi kupotea tena.

Lakini mashine huandika kile tu ilichoandikiwa. Mkusanyaji akipokea shilingi 5,000 akabonyeza 500, mfumo utaonyesha 500, tena kwa risiti safi kabisa. Pengo la pili, ambalo ndilo kubwa, liko baada ya risiti: fedha taslimu bado iko mfukoni mwa mtu mpaka itolewe namba ya malipo (control number) na ipelekwe benki. Kwa hiyo mhasibu asiyelinganisha kila siku jumla ya mashine na jumla ya benki amenunua kikokotoo cha bei ghali. Mtandao nao ukikatika, miamala hukaa ndani ya mashine ikisubiri kutumwa.

Usiondoke bila risiti. Soma kiasi, tarehe na aina ya ushuru. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina la mpokeaji na kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Kwenye mkutano wa mtaa, ulizia makusanyo na kilichofika benki, si makusanyo peke yake.