Saa ya mwili na kitambi: yasemwayo na yalivyo

"Chakula ni chakula, ukile asubuhi au usiku wa manane."
Sivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliwalisha panya chakula kilekile chenye mafuta mengi. Kundi moja lilikula usiku, panya wanapokuwa macho; jingine lilikula mchana, saa zao za kulala. Hili la pili lilinenepa zaidi, ingawa kiasi walichokula hakikutofautiana sana. Sisi ni viumbe wa mchana, kwa hiyo geuza saa. Jioni mwili wetu hauitikii insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri kama asubuhi, na sahani ileile ya wali hupandisha sukari ya damu juu zaidi. Mwaka 2022, huko Boston, watu 16 wenye uzito uliozidi walicheleweshewa milo kwa takriban saa nne: njaa iliongezeka, na nishati iliyotumiwa na mwili ikapungua.

"Basi ukiwahi kula, kitambi kitaisha chenyewe."
Hapa ndipo wauza matumaini wa mitandaoni wanapozidisha chumvi. Mwaka huohuo wa 2022 yalitoka matokeo ya Guangzhou, China. Watu 139 wenye unene uliopitiliza walipunguza kalori kwa mwaka mzima. Karibu nusu yao walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu; waliobaki hawakupangiwa saa. Makundi yote mawili yalipungua uzito, bila tofauti ya kutosha kusema saa ndizo zilizowasaidia. Kiasi bado kinahesabika.

"Usingizi ndio unaonenepesha."
Mara nyingi ni kinyume. Kulala kidogo hushusha leptini, homoni ya shibe, na kupandisha ghrelini, ile ya njaa.

"Mlinzi wa usiku huzoea; saa yake hugeuka."
Kwa wengi haigeuki kikamilifu. Saa kuu ya mwili, mpangilio wa ndani unaouambia mwili kama ni usiku au mchana, iko ndani ya ubongo na hurekebishwa na mwanga, lakini ini, kongosho na mafuta ya mwili yenyewe vina saa zao, ambazo hufuata pia chakula. Akila chipsi saa nane usiku, ini linaambiwa ni mchana huku ubongo ukisema ni usiku. Asubuhi anarudi nyumbani juani, na siku ya mapumziko anaishi kama majirani zake. Asiyeweza kukwepa zamu hiyo ale mlo mkubwa kabla ya kuingia kazini, na kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri apunguze kula kadiri awezavyo.